Mwiba wa Nungunungu

Jioni ile niliposhuka Maili Moja, simu ilikuwa imetetemeka mfukoni njia nzima tangu Mbezi. Gurupu la darasa lilikuwa linawaka. Mtu mmoja, namba yake haina jina wala picha, alikuwa ameandika kwamba msichana fulani wa mwaka wa kwanza katika ndaki yetu amepata A ya fasihi kwa njia ambayo si ya kusoma. Ujumbe wenyewe ulikuwa mistari minne. Daladala lilipovuka Kiluvya ulikuwa umeshaingia kwenye magurupu mengine matatu, na katika moja la hayo niliupeleka mimi.

Nilimkuta bibi yangu nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, anabangua korosho. Bakuli la jivu lilikuwa kando yake. Kila baada ya korosho nne tano alichovya vidole kwenye jivu, akavisugua, akaendelea, maana ganda la korosho lina mafuta yanayochoma na asiyejipaka jivu hulala na vidole vinavyowaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona unacheka na simu?"

Nikamsomea ule ujumbe. Nilidhani atacheka, kwa kuwa ni mtu wa utani. Hakucheka. Aliweka chini kijiti chake cha kubangulia, akanitazama kama anayetafuta uso wa mtu mwingine ndani ya uso wangu.

Bibi alikuwa mfagizi katika chuo kimoja kwa miaka mingi. Kusoma alijifunzia kwenye kisomo cha ngumbaru, katika zile zama ambapo Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kazi yake ya kwanza kila alfajiri, kabla ya kufagia, ilikuwa kubandua karatasi zilizobandikwa ukutani usiku. Zilibandikwa kwa uji wa sembe, akazibandua kwa maji ya moto na kisu butu. Alizisoma zote kabla ya kuzitupa.

"Paukwa!" akasema.

Mimi mtu mzima, mwaka wa pili chuo kikuu. Nikaitika: "Pakawa!"

*

Hapo zamani, kati ya hapa na Kisarawe, ndani ya msitu wa Ruvu, kabla wachoma mkaa hawajaufikia, palikuwa na mbuyu mkubwa, na chini ya mbuyu palikuwa na chuo cha wanyama. Chuo kilikuwa na ndaki nyingi. Muhanga na Fuko walifundisha uchimbaji. Kindi walifundisha kuhesabu na kuweka akiba. Na upande wa jua linapochwea ilikuwepo Ndaki ya Insia. Huko walisoma lugha za ndege, historia ya mito, hekima ya wazee, nyimbo na ngano.

Kila mwanafunzi wa Insia akienda likizo aliulizwa na wajomba zake: "Nyimbo zitakulisha?" Wengine walinyamaza, wengine walijibu kwa hasira. Kobe, mtunza maktaba, ndiye aliyekuwa na jibu, akilitoa polepole kama anavyotembea: "Mnyama asiyejua kusimulia yaliyompata, atasimuliwa na aliyempata."

Maisha yao yalikuwa kama yenu. Mizizi ya mbuyu ilitokeza juu ya ardhi, wakaifanya vimbweta, wakakaa hapo mchana kutwa wakijisomea na kubishana. Madesa waliyarithi kutoka kwa waliotangulia, majani makavu yenye alama za meno ya Panya aliyekuwa akiyanakili. Kila mwezi ukipevuka walipewa kapu la karanga la kujikimu, wenyewe wakaliita bumu. Walioanguka mtihani walipewa sapu, wakaanguka tena wakadisko, wakarudi vijijini usiku wasionekane.

Kwenye shina la mbuyu, upande wa mbele, palikuwa na ubao wa habari, na mwandishi wake alikuwa Kasuku. Habari za Kasuku zote zilikuwa za kweli. Tembo, Rasi wa Ndaki, alipompokea Twiga mgeni kutoka Mikumi, Kasuku aliandika, na kweli Twiga alikuja. Kanga alipopata tuzo ya ushairi, Kasuku aliandika, na kweli tuzo ilitolewa. Lakini kapu la karanga lilipochelewa miezi mitatu, Kasuku hakuandika. Alama za Nyumbu zilipopotea na akaambiwa arudie mtihani alioufaulu, Kasuku hakuandika. Fisi, mhadhiri wa historia ya mito, alipowaambia wanafunzi wa kike wamfuate shimoni usiku kuchukua alama zao, Kasuku alilijua hilo, maana anakaa juu na anaona kila njia. Hakuandika.

Basi penye kiu hata maji ya dimbwi hunywewa. Upande wa nyuma wa mbuyu, usiosimamiwa na mtu, wakatokea Popo na karatasi yao. Waliibandika usiku wa manane, haina jina. Sikia vizuri hapo, mume wangu: Popo walianza vizuri. Karatasi yao ya kwanza ilisema karanga zimo ghalani na mkuu wa Kindi amezikalia. Wanafunzi walishangilia mpaka ndege wakaruka. Siku ya tatu karanga zikagawiwa.

Ila mkubwa ukimwandika, anauma. Tembo aliapa kumtafuta mwandishi, Chui akawekwa lindo. Popo wakakaa siku nyingi bila kubandika kitu, na wasomaji wao wakaanza kunung'unika: leo hamna? Kesho je? Ndipo Popo walipogundua jambo lililowaharibu. Kumwandika mkubwa kuna gharama. Kumwandika mdogo ni bure, na wanaokuja kusoma na kucheka ni walewale.

*

Mwaka ule alikuja chuoni Paa, binti kutoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Kwao hakuna aliyewahi kuvuka msitu kwenda kusoma. Mama yake alimfungia majani ya njiani kwenye kikapu, na zaidi ya hapo hakuwa na cha kumpa isipokuwa nyimbo za bibi yake.

Kwenye semina ya Bundi, mwalimu wa fasihi, kila mmoja alitakiwa kueleza wimbo wa kwao. Wengi walichukua desa la mwaka uliopita wakalisoma. Paa alisimama, miguu yake myembamba ikitetemeka, akaimba wimbo ambao watu wote waliudhani wa kuchezea watoto. Akauimba tena, mara hii akihesabu. Beti zake zilikuwa siku. Bibi vizee wa Pugu waliuimba beti moja kila alfajiri tangu pepo za kaskazi zilipoanza kuchoka, na ulipokwisha, masika yalikuwa mlangoni. Wimbo wa kitoto ulikuwa kalenda ya mvua. Darasa lilinyamaza. Bundi, ambaye hufumba macho wanafunzi wakisoma, aliyafumbua yote mawili, akampa A mbele ya kila mtu.

Kulikuwa na Ngedere mmoja wa mwaka wa tatu. Alikuwa amemtaka Paa mara mbili, na mara mbili Paa alisema hapana, kwa adabu. Usiku ule Ngedere alipanda juu ya mti wa Popo na kunong'ona. Asubuhi karatasi ilikuwepo: Paa, Bundi, na alama za usiku. Chini yake mchoro.

Siku ya kwanza Paa alikwenda kwenye kimbweta chake kama kawaida, na mazungumzo yakakatika. Siku ya pili mtu alimrushia ganda la karanga. Siku ya tatu alipofungua kinywa darasani kujibu swali, nyuma yake mtu aliigiza sauti ya bundi, na darasa zima likaangua kicheko. Siku ya nne alikaa nyuma kabisa. Siku ya tano hakuingia darasani. Wale waliochelewa siku hiyo walimwona amesimama peke yake upande wa nyuma wa mbuyu, anailamba karatasi. Paa hana mikono. Alikuwa anaulowesha ule uji kwa ulimi ili karatasi ibanduke, na gome la mbuyu lilikuwa limemchubua, na karatasi ilikuwa na damu.

Nungunungu alikuwa mmoja wa waliochelewa. Alikaa kimbweta kimoja na Paa, walikuwa wakigawana majani. Alimwona. Akasema moyoni, nitamsaidia nikitoka kipindini. Akaenda zake.

Alipotoka kipindini Paa hayupo. Nyayo zake zilishuka hadi mtoni Ruvu, na ng'ambo ya pili hazikuonekana.

*

Hapo bibi alinyamaza. Alichovya vidole kwenye jivu ingawa hakuwa ameshika korosho yoyote.

Mimi nilikuwa nimeshalijua jina ambalo hadithi hii inalizunguka, kwa sababu tumelisoma. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, liliwahi kuwepo gazeti la ukutani lililoitwa Punch. Waandishi wake hawakujitaja, na kwa miaka mingi liliwaanika na kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, kwa maneno na michoro. Wapo waliolitetea kuwa ni utani wa chuo. Mwezi Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume, na kundi la Punch lilitajwa katika mkasa huo. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kilikuwa kati ya waliopaza sauti ili kifo hicho kisipite kama habari ya siku moja.

Jina la Levina nililijua kwa ajili ya mtihani. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nililijua kama mtu anayejua jina la jirani yake.

"Bibi," nikauliza, "na wewe uliwahi kubandua karatasi ya namna hiyo?"

"Nilibandua nyingi. Kila nilipobandua nilijua kuna watu wameshaisoma. Ukuta unasafishika." Akaokota korosho. "Sikiliza, hadithi haijafika."

*

Mama yake Paa alikuja kuchukua kikapu. Alitoka Pugu kwa miguu, akafika mchana, akasimama katikati ya vimbweta. Wanafunzi wote walikuwepo, na wahadhiri, na Tembo.

Akauliza: "Nani aliandika?"

Kimya. Hakuna aliyejua, na aliyejua alikuwa juu ya mti amejifunika mbawa. Kwa kuwa hapakuwa na mwandishi, ilionekana hapakuwa na kosa. Tembo alikohoa na kuanza kueleza kwamba uchunguzi utafanyika.

Mama akauliza tena: "Basi nani alisoma?"

Swali hilo halikuhitaji uchunguzi. Kila mmoja alilijua jibu lake. Nyumbu aliinamisha pembe. Kanga aligeukia pembeni kama anayetafuta punje. Mama wa watu alikaa kidogo akisubiri, kisha akaokota kikapu, akaondoka na barabara ya Kisarawe.

Usiku huo Nungunungu hakulala. Kulipokucha, jua limeshatoka na kila mtu anaona, alikwenda kwenye mbuyu. Aligeuza shingo, akang'ata mwiba mmoja mgongoni mwake, akauchomoa. Watu husema nungunungu hurusha miiba. Si kweli. Mwiba unatoka kwenye nyama, na kuuchomoa kunauma. Akachovya ncha kwenye tope jeusi, akaandika upande wa mbele, kando ya ubao wa Kasuku:

"Mimi Nungunungu wa mwaka wa pili nilisoma na nikacheka. Siku ya tano nilimwona Paa akilamba ukuta nikapita. Alama yake aliipata mchana, mbele yetu sote, kwa wimbo wa bibi yake. Aliyeandika vingine aje tubishane hapa."

Kisha akauchomeka ule mwiba chini ya maneno yake. Hapo jina halikuhitajika tena, maana mistari myeupe na myeusi ya mwiba wa nungunungu haifanani na ya mwingine.

*

Siku chache baadaye walimjia wanafunzi wawili wa kike wakati wa magharibi. Mmoja Swala, mmoja Mbega. Walikuja kwa sababu ya mwiba: walimjua mwandishi, kwa hiyo walijua mlango wa kubisha. Walimweleza habari za Fisi na shimo lake. Walipomaliza, Swala akasema: "Usituandike majina. Tuna sapu mikononi mwake."

Nungunungu akafikiri, kwa kuwa alikuwa ameapa kwamba hakuna habari isiyo na jina. Akaenda kwa Kobe. Kobe akamwambia: "Mwenye kidonda afichwe. Mwenye kalamu ajitokeze. Popo waligeuza hilo, wakamwanika mwenye kidonda, wakaificha kalamu."

Basi Nungunungu akafanya kazi ambayo Popo hawakuwahi kuifanya. Aliwauliza Swala na Mbega kila mmoja peke yake, siku gani, njia ipi, nani aliwaona wakirudi. Alikwenda kuangalia nyayo. Alitafuta wa tatu na wa nne, wasiofahamiana na wale wa kwanza, akasikia maneno yaleyale. Mwisho alikwenda kwa Fisi mwenyewe, mchana, akamuuliza. Fisi alicheka. Nungunungu akaandika kwamba alimuuliza na alicheka. Alipitia habari yake mara tatu kabla ya kuchomoa mwiba, kwa kuwa hakuwa na miiba ya kuchezea. Habari inayomuuma mwandishi kabla haijamuuma mtu mwingine haiandikwi ovyo.

Lakini ilipotoka, unajua wanafunzi walisema nini? "Aa, yale yale ya Popo." Na Fisi alisimama juu ya kichuguu akasema: "Jana walimsingizia Bundi, leo mimi. Mtawaamini?" Wengi wakaguna, kweli bwana.

Hapo ndipo Nungunungu alipoelewa hasara yote. Uongo wa Popo ulimmaliza Paa, kisha ukawa pazia la Fisi. Kila karatasi ya uzushi iliyowahi kuchekwa pale chuoni ilikuwa imempa Fisi siku moja zaidi ya kukaa salama shimoni kwake.

*

Hapa naongeza la kwangu, ambalo halimo katika hadithi ya bibi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono katika kifungu cha 25 kuwa ni kosa la jinai. Sheria ipo. Lakini anayekwenda kulalamika anapita kwanza kwenye mlango wa wenzake, na wenzake wameshazoea kucheka. Tumewafundisha wasichana wetu kwamba wakisema watakuwa mada, na mada haishitaki mtu. Mistari minne niliyoisambaza kutoka Mbezi hadi Kiluvya ilikuwa tofali katika ukuta huohuo.

*

Tembo alimwita Nungunungu. Alimwambia kwa upole kwamba chuo kina mwandishi wake, Kasuku, na kwamba mambo ya ndani yasemwe ndani. Nungunungu akamuuliza: "Rasi, ndani ni wapi? Paa alikuwa ndani." Tembo akakasirika, akaagiza mwiba ung'olewe.

Kasuku naye alishuka siku hiyo, akaja kujitetea. "Mimi sijawahi kuandika uongo."

"Kweli kabisa," akasema Nungunungu. "Wala Paa hujamwandika."

Usiku Kobe alimchukua Nungunungu hadi kwenye pango lake. Alifukua mchanga, akatoa majani ya zamani sana. "Haya ni ya akina Cheche," akasema. Cheche ni mnyama mdogo, ndugu yake nguchiro, asiyeogopa nyoka. "Walikaa kwenye mizizi uliyokalia wewe. Waliandika habari za wakubwa wa zama zao, na chini ya kila jani waliweka unyayo. Wakapigwa marufuku. Tazama, unyayo bado upo."

*

Bibi alimjua cheche mnyama na cheche ya moto. Cheche ya tatu hakuijua, nikamsimulia mimi. Mwezi Novemba 1969, wanafunzi wa Dar es Salaam wa kundi la USARF, pamoja na vijana wa TANU pale chuoni, walitoa jarida waliloliita Cheche. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa katika uhariri wake. Walilichapa kwa stensili, na makala zilibeba majina ya walioziandika. Mwaka 1970 toleo zima lilitolewa kwa uchambuzi wa Issa Shivji, aliyekuwa kijana tu, kuhusu matabaka katika nchi iliyojiita ya kijamaa. Mwezi Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku, na USARF nayo. Lilikuwa limeishi mwaka mmoja.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, kumbukumbu za jarida hilo zilitoka kwa kitabu, Hirji akiwa mhariri wake. Makala zile zinasomwa hadi leo, unaweza kuzipinga kwa kituo na mkato, na wapo wanaozipinga. Kilichoandikwa kwa jina kinabishaniwa, kinasahihishwa, kinajibiwa. Karatasi za usiku hazijibiwi na mtu. Anayezijibu ni yule aliyeandikwa, peke yake, kwa ulimi wake ukutani.

Cheche na Punch vyote viwili vilizaliwa Mlimani, katika chuo kilekile kilichofungua milango mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Tunapojiuliza Insia inafaa nini, mimi naona jibu liko hapo. Kuchapa karatasi kila mtu anaweza. Sisi tunasoma historia, lugha na fasihi ili tujue tofauti ya karatasi hizo mbili, tena tuijue kabla ya kubonyeza, si baada ya mazishi.

*

"Umemaliza?" bibi akauliza. "Haya, nirudishie hadithi yangu."

Chui alikwenda kung'oa mwiba, akaung'oa. Lakini gome la mbuyu lina maji, na palipochomekwa mwiba pakatoka utomvu, alama ikabaki. Asubuhi Kanga alipita akaiona. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akanyofoa unyoya wake mmoja wenye madoadoa, akauchomeka kwenye tundu lile, akaandika: "Na mimi nilisoma." Nyumbu akaja na unywele wa mkia. Panya wa madesa akaacha meno. Kobe alichukua siku nzima kufika, akaweka kucha. Na siku ya saba Swala alikuja mwenyewe, mchana, bila kuitwa na mtu, akaweka ukwato wake mbele ya jina la Fisi. Mbega hakuja, na hakuna aliyemlaumu.

Tembo alitoka akakuta shina zima lina alama. Angeweza kumng'oa mmoja. Kwa kung'oa alama zote zile angeng'oa na mbuyu wenyewe. Akaitisha baraza, Fisi akaulizwa mbele ya watu, na safari hii alipocheka alicheka peke yake. Akavuliwa joho, akatolewa msituni.

Siku hiyo Kasuku aliandika.

Paa hakurudi. Usinitazame hivyo, mume wangu, sina hadithi ya kumrudisha. Wimbo wake ulibaki darasani, nao wanafunzi wa Bundi waliuimba kila kaskazi ikichoka, wakihesabu. Kila walipofika beti ya mwisho mvua ilikuja, na kila mvua ilipokuja kuna waliolia.

Kulikuwa na Popo mmoja kijana. Ndiye aliyeshika kalamu usiku ule Ngedere alipopanda mtini. Alikaa gizani mwezi mzima. Jioni moja alimshukia Nungunungu akamwambia: "Nipe mwiba mmoja. Nina la kuandika."

Nungunungu akasema: "Mwiba wangu ni jina langu. Lete lako."

Popo hana mwiba wala unyoya. Alitambaa hadi kwenye mbuyu, upande wa mbele, akang'ata gome mpaka meno yake mawili madogo yakaacha alama. Juu ya alama akaandika: "Niliandika mimi." Wenzake walimwita arudi juu kabla hakujakucha. Hakurudi. Alining'inia hapohapo chini ya maneno yake, macho ameyafumba kwa kuogopa jua, akisubiri watu waje.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu kukakucha," akasema bibi.

*

Giza lilikuwa limeshaingia. Barabarani malori ya Morogoro yalikuwa yakipita mfululizo, na taa zake zikamulika mwembe kisha zikauacha. Nilitoa simu. Gurupu lilikuwa limefika meseji 140 juu ya yule msichana, na yeye mwenyewe alikuwa humo ndani, kwenye orodha, hajasema neno tangu saa tisa.

Niliandika jina langu kamili na mwaka wangu. Niliandika kwamba ule ujumbe niliusambaza mimi pia, kwamba sijui lolote la kweli juu ya alama za mwenzetu isipokuwa nimemsikia akichangia kwenye semina na alikuwa amesoma, na kwamba mwenye ushahidi wa mhadhiri yeyote aulete nitakwenda naye ofisini, na jina lake nitalificha. Nikabonyeza.

Gurupu likanyamaza. Nilihesabu malori sita. Kisha namba moja ikaandika: "Hata mimi niliusambaza." Ilikuwa na jina na picha.

Bibi alinisogezea bakuli la jivu. Korosho zilikuwa zimebaki nusu debe. Nilichovya vidole, nikavisugua vizuri, nikaokota ya kwanza.